Daftari la Wiki: Kisiwa cha Devon

Mahali. Kisiwa cha Devon kiko Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, kwenye nyuzi 75 hivi kaskazini mwa ikweta. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 55,000 na ushei, karibu mara mbili ya Burundi. Hakuna kisiwa duniani kinachokizidi kwa ukubwa ambacho hakina wakazi wa kudumu. Tangu Novemba hadi mwanzoni mwa Februari jua halichomozi. Tangu mwisho wa Aprili hadi katikati ya Agosti halizami.

Barafu na mawe. Upande wa mashariki umelaliwa na barafu yenye unene unaozidi mita 800 mahali pengine, na kilele chake kimefika mita 1,920 juu ya bahari. Magharibi ni nyanda za mawe ya chokaa yaliyopasuliwa na baridi. Mvua na theluji ni haba mno, ndiyo maana wanasayansi hukihesabu kisiwa hiki kuwa jangwa.

Kreta ya Haughton. Mamilioni ya miaka iliyopita kimondo kiliangukia Devon na kuchimba shimo la upana wa kilomita 20 hivi. Shimo likawa ziwa, wakati huo hali ya hewa ikiwa na joto kuliko sasa. Mwaka 2007 mabaki ya Puijila yalipatikana humo: mnyama wa jamii ya sili aliyekuwa bado na miguu minne na mkia mrefu. Leo kreta ni kavu na baridi kiasi kwamba tangu 1997 watafiti wa NASA huitumia kujaribia vifaa vya safari za Mars.

Bonde la Truelove. Ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima, hivyo maji ya theluji hayazami. Truelove, penye tambarare kwenye pwani ya kaskazini-mashariki, maji hayo hutuama na kuotesha ndago, kuvumwani na mierebi inayotambaa chini. Hapo hujilisha maskoksi, wanyama wenye pembe na manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi. Lemingi, panya wa Aktiki, huishi humo pia, nao huwindwa na mbweha weupe.

Bahari. Utajiri mkubwa zaidi uko majini. Mlangobahari wa Lancaster, kusini mwa kisiwa, hupitisha narwali, nyangumi weupe na walarasi. Dubu weupe huwinda sili juu ya barafu, na majabali ya pwani hukaliwa na makundi ya ndege waitwao fulma.

Watu. Mabaki ya nyumba za kale yanaonyesha kwamba mababu wa Wainuit waliishi hapa. Polisi wa Kanada walifungua kituo Dundas Harbour mwaka 1924, wakakifunga 1933. Familia za Wainuit zilizohamishiwa hapo 1934 ziliondoka baada ya miaka miwili.

Ulinzi. Mwaka 2019 serikali ya Kanada na Wainuit walikubaliana kuhifadhi maji ya Mlangobahari wa Lancaster, kwa jina la Tallurutiup Imanga. Hatua hiyo ni sahihi: dubu na ndege wa Devon huzalia nchi kavu, lakini chakula chao hutoka baharini. Anayetaka kukilinda kisiwa hiki hana budi kuanza na bahari yake.