Kabla ya Kupanda Kilimanjaro, Tujipime

Ndugu zangu, Desemba inapokaribia, vikundi vya kazini na vya mtaani hujipanga kupanda Kilimanjaro kusherehekea Uhuru. Ni jambo la kujivunia. Tangu Alexander Nyirenda aliposimika Mwenge wa Uhuru kileleni mwaka 1961, ni nani kati yetu asiyetamani kufika pale? Lakini kabla ya kutafuta koti na buti, je, umejipima?

Anzia nyumbani. Asubuhi, kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Ya mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Yakizidi hapo siku baada ya siku, muone daktari. Ukifika kazini, panda ngazi na begi lako mgongoni huku ukizungumza na mwenzako. Unamaliza sentensi bila kuishiwa pumzi? Kama bado, usivunjike moyo. Tembea haraka haraka nusu saa kila jioni kwa miezi miwili au mitatu, na Jumamosi uende mbali zaidi.

Wenye presha, pumu, maradhi ya moyo, upungufu wa damu, na mama wajawazito, tafadhali anzeni kwa daktari. Wenye selimundu nawasisitizia zaidi, maana ugonjwa huu umo katika familia nyingi za kwetu, na oksijeni ikipungua maumivu makali yanaweza kuamka. Hujawahi kupimwa? Uliza hospitalini mapema.

Hata hivyo, mazoezi peke yake hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Tanga. Kijana hodari wa mbio anaweza kuzidiwa kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720, na mama wa miaka 55 akaendelea vizuri. Kinga ya ugonjwa huu ni kupanda polepole, na kulala Horombo siku moja ya ziada ili mwili uzoee.

Viongozi wa vikundi, mnapopanga michango, wekeni na fedha ya siku hiyo ya ziada. Na wewe msafiri, kichwa kikiuma au ukichefukwa, mwambie mwongozaji mapema, usijikaze. Mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, au kuhema akiwa ameketi, ashushwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake.