Vipofu Wenye Vipaji Wapewe Haki, Si Sadaka

Kule Tengeru, chini ya Mlima Meru, kipo Chuo cha Ualimu Patandi, ambacho hufunza walimu wa elimu maalumu, wakiwamo watakaowafundisha watoto wasioona. Kazi hiyo ni ya heshima, nasi twaipongeza. Lakini mtoto asiyeona akijaliwa sauti na mkono wa gitaa, Taifa linamwandalia nini baada ya kumfunza kusoma nukta nundu?

Uwezo wake hauna shaka. Visiwani, Mbaruk Talsam, aliyekuwa kipofu, alihesabiwa miongoni mwa mafundi wa kundi la Siti binti Saad, lililoanza kurekodi sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Bara, marehemu Mzee Morris Nyunyusa, naye kipofu, alipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, na mlio wake ndio uliotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Nchi nzima ilimsikiliza kipofu kabla ya kumsikiliza Waziri.

Huko Mali, Amadou Bagayoko, aliyefariki tarehe 4 Aprili 2025, aliimba na kupiga gitaa akichanganya muziki wa kwao na roki na bluzi, hata Ulaya ikamshangilia. Yeye na mkewe, Mariam Doumbia, ambaye pia haoni, walikutana katika taasisi ya vijana wasioona mjini Bamako, wakapiga muziki katika bendi ya taasisi hiyo. Hapo ndipo penye funzo: taasisi ilikuwa na bendi.

Kwetu, kipofu mwenye gitaa huonekana zaidi stendi, kopo likiwa miguuni pake. Mpita njia humtupia sarafu, akaenda zake ameridhika kuwa ametoa sadaka. Hilo ni kosa. Yule hakuomba, amefanya kazi, na mfanya kazi hulipwa ujira. Waliosoma chuo cha Kurani wanaikumbuka Sura ya Abasa na habari ya kipofu aliyekuja kutaka elimu. Mtu wa namna hiyo hapewi kisogo kwa ajili ya wakubwa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo Bara, na Zanzibar inayo yake. Lililobaki ni utekelezaji. Twawashauri wakuu wanaohusika, Bara na Visiwani, kwamba shule zenye wanafunzi wasioona zipatiwe ala na mwalimu wa muziki. Maofisa Utamaduni wasiwaite wasanii hawa kupamba sherehe tu, kisha wakawarudisha na nauli. Wawalipe kama wengine. Na kabla kipofu hajatia dole gumba kwenye mkataba wa kurekodi, asomewe wote na mtu anayemwamini, au aandikiwe kwa nukta nundu, ili jasho lake lisiwe mali ya mwingine.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Vidole vinavyojua nyuzi za gitaa visiachwe vikipapasa sarafu ndani ya kopo.