"Oili Nzito Ndio Poa"? Nionyeshe Namba

Wasee, hii story ya "weka oili nzito, injini itadumu" tuachane nayo. Oili haina uzito mmoja. Ikiwa baridi inajikokota kama asali, ikipata moto inateleza kama maji. Kabla uniambie ni nzito, niambie ni nzito kwa joto gani.

Na jibu si siri. Tafuta ile karatasi ya maelezo ambayo kampuni za oili huweka mtandaoni. Utaona mnato kwa nyuzi 40 na kwa nyuzi 100, kwa kipimo cha sentistoki. Tuseme ni 100 na 14. Sasa kwa nyuzi 70 ni ngapi? Wengi watapiga wastani waseme 57. Zii. Ni kama 32. Mnato unaporomoka haraka mwanzoni, halafu unashuka polepole.

Programu za kuhesabu hii kitu nyingi hutumia fomula ya ASTM D341. Ongeza 0.7 kwa mnato, piga logi mara mbili. Joto liweke kwa Kelvini, piga logi mara moja. Hapo ndo mstari unanyooka, na namba mbili zinatosha kuuchora. Mstari huo unakuambia oili ile ile, asubuhi kwa nyuzi 20, iko karibu 284. Ifikishe 130, inabaki kama 7.6. Excel ya simu inaweza hiyo kazi.

Mimi niliacha chuo, na bado nasema hii si hesabu ya wenye digrii pekee. Mtu wa boda anayelisha familia na injini moja ndo anaihitaji zaidi. Akiuziwa oili nzito kupita kiasi, asubuhi inachelewa kufika juu ya injini na vyuma vinasagana. Akiuziwa nyepesi sana, injini ikichemka utando wa oili unakonda, vyuma vinagusana. Gharama ni yake, si ya aliyemshauri.

Lakini msiabudu programu pia. Haijui kama oili ni feki ama imezeeka. Inajua tu namba ulizoipa.

Kwa hivyo, msimamo wangu ni huu: kitabu cha pikipiki kwanza, namba pili, maneno ya mtaa mwisho. Muuzaji akishindwa kukuonyesha hizo namba mbili, buda, pesa ni yako. Nunua kwingine.