Talaka ya Kiislamu na Haki mbele ya Sheria

Mavuno ya mpunga yanapokwisha katika bonde la Usangu, malori hujipanga Chimala kando ya barabara kuu iendayo Zambia, na fedha huonekana mikononi mwa watu. Ni katika majira hayo ambapo mwalimu wa shule ya msingi huweza kufikiwa na mwanamke aliyeinama majarubani tangu masika, akiwa na kipande cha karatasi anachoomba asomewe. Karatasi ina mistari miwili tu: ameachwa.

Akienda kwa mtendaji wa kata, si ajabu akajibiwa kwamba talaka ya Kiislamu ni jambo la msikitini na kwamba Serikali haina dini. Akienda msikitini ataambiwa kwamba mume amekwisha kutamka, kilichobaki ni eda. Basi hurudi kwao na kanga zake, magunia yakibaki ghalani.

Hatuna budi kusema wazi kwamba jibu la mtendaji huyo ni kosa, hata kama amelitoa kwa nia njema ya kuheshimu imani za watu. Ni kweli Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa dini na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Haki hizo mbili ziliingizwa katika Katiba pamoja, mwaka 1984, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye kuifaidi ya kwanza ameiacha ya pili mlangoni. Tunaelewa kwamba katika mji kama Chimala, ambako watu wa makabila na dini mbalimbali wamekutana na hospitali yenyewe ni ya misheni, mtumishi asiye Muislamu huogopa kugusa asichokijua. Hofu hiyo huondolewa kwa kuisoma sheria.

Kabla ya kutungwa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Serikali ilitoa Waraka wake Namba 1 wa mwaka 1969, nao ulizusha mjadala mkali, hasa miongoni mwa Waislamu. Sheria iliyotokana na mjadala huo haikuifuta ndoa ya Kiislamu. Iliitambua, pamoja na uwezekano wa kuoa wake zaidi ya mmoja. Kuhusu talaka, inataka mgogoro upelekwe kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na mabaraza ya BAKWATA ni miongoni mwa yanayotambuliwa. Baraza likithibitisha kuwa limeshindwa kusuluhisha, na ikaonekana kwamba mmoja wa wanandoa amefanya jambo ambalo kwa sharia ya Kiislamu linavunja ndoa, kifungu cha 107 kinaielekeza Mahakama ikubali kwamba ndoa hiyo imevunjika na itoe amri ya talaka.

Wako wanaosema huo ni utaratibu wa kigeni waliobebeshwa Waislamu. Hatukubaliani nao. Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, inaagiza kwamba ikihofiwa mfarakano kati ya mume na mke ateuliwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Sura ya At-Talaq inataja mashahidi wawili waadilifu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi hii, huihesabu talaka iliyotamkwa kuwa imepita hata pasipo mashahidi, na gazeti halina elimu ya kuwabishia. Wala sheria ya nchi haibishani nao. Inachosema ni kwamba talaka hiyo ifikishwe Mahakamani, kwa sababu hapo ndipo mali hugawanywa.

Hapa ndipo penye uzito wote. Kifungu cha 114 kinaipa Mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa jasho la pamoja wakati inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Pasipo amri, hakuna mgawo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kuwa hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. (Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa alionekana ameufuja mtaji aliopewa na mumewe, kanuni ndiyo iliyobaki.) Ikiwa kupika na kulea ni mchango, kupandikiza mpunga je? Na An-Nisaa hiyo hiyo, aya ya 32, inawapa wanaume fungu katika walichokichuma, na wanawake fungu katika walichokichuma.

Mwalimu aliyeletewa karatasi ile asiishie kuisoma. Amwandikie mama huyo barua kwa Baraza la kata au la BAKWATA, na amweleze kwamba akitoka hapo lazima awe na hati ya Baraza mkononi, imejazwa sawasawa na kutiwa saini. Mashauri kadhaa yamefutwa katika ngazi ya rufani, baada ya miaka ya kupanda na kushuka ngazi za Mahakama, kwa sababu hati hiyo haikuwapo au ilikuwa na kasoro.