Injini ya Mtumba na Heshima ya Sare

Katika karakana za Katwe, na katika soko la vipuri la Kisekka lililo jirani na Nakivubo, hufanyika kazi ambayo wengi wetu twaipita bila kuitafakari. Toyota Hiace ya abiria ikisha kuchakaa bodi, au ikisha kupinduka, haitupwi. Injini yake hung'olewa, husafishwa na kupewa gari jingine, na pengine gari hilo huwa Land Rover ya zamani, ile ambayo polisi na majeshi ya Afrika Mashariki waliitegemea kwa miongo mingi, na ambayo askari wastaafu wangali wakiienzi.

Wapo wanaoidharau kazi hiyo na kuiita biashara ya mabaki. Sisi hatukubaliani nao. Huko Marekani yalikuwapo magari makubwa ya safari, yenye vitanda na jiko ndani yake. Yale ya GMC, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1973, yalitiwa injini ya Oldsmobile ya karibu lita 7.5. Magari ya namna hiyo yalipochakaa, wapenzi wa magari ya kale yaendayo kasi walizinunua injini zake na kuzipa maisha mapya. Ikiwa jambo hilo ni ufundi huko Marekani, kwa nini liwe aibu hapa Kampala? Tena, tangu sheria ya mwaka 2018 ilipopiga marufuku kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, thamani ya kulitunza gari tulilo nalo imezidi kuonekana.

Hata hivyo, kusifu si kufumba macho. Injini si mzigo wa kutupiwa ndani ya boneti. Land Rover za kale zilizotumia petroli zilikuwa na injini ya lita 2.25, injini ya dizeli ya Hiace iitwayo 3L ina karibu lita 2.8. Nguvu ikiongezeka, kila kilicho nyuma ya injini hubeba zaidi: klachi, giaboksi, na hasa ekseli za nyuma, ambazo katika Land Rover hizo zajulikana kwa kuvunjika zikilemewa. Tangi lililozoea petroli sharti lisafishwe, na mpira wa kurudishia dizeli uwekwe. Rejeta nayo sharti itoshe. Zaidi ya yote ni breki. Gari hilo liliundwa na breki za ngoma katika magurudumu yote manne, kwa mwendo wa siku zile. Fundi anayeongeza mwendo bila kuangalia breki hajatengeneza gari. Ametengeneza ajali inayosubiri siku yake.

Jambo la pili lawahusu wasomaji wetu wavaao sare kuliko raia yeyote. Mwizi wa gari hana haja ya kuliuza zima. Hulivunja vipande usiku, na asubuhi injini yake imo mikononi mwa mchuuzi, namba yake imekwisha kusuguliwa kwa tupa. Mwizi huyo angelala njaa kama pasingekuwa na mnunuzi asiyeuliza. Hivyo basi, askari aliyechukua mkopo katika chama chake cha akiba, akanunua injini isiyo na stakabadhi kwa kuwa bei yake ni ya chini, amemlipa mshahara yule yule ambaye kesho atatumwa kumkamata. Aidha, siku mwenye mali atakapojitokeza, askari huyo atapoteza injini, na deni litabaki.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kitabu cha usajili wa gari huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, maandishi nayo hayana budi kubadilishwa. Mnunuzi adai stakabadhi yenye jina la muuzaji na namba ya injini, aisome namba hiyo kwa macho yake mwenyewe juu ya chuma, kisha alipeleke gari likakaguliwe kabla ya kulitia barabarani.

Kwa upande wa pili, yapasa polisi wa barabarani watende haki. Injini iliyobadilishwa si ushahidi wa wizi. Raia aliye na karatasi zake kamili aachwe apite, wala asigeuzwe kitoweo cha kizuizini. Akiteswa yeye aliyetii, jirani yake atajifunza kwamba kutii hakuna faida, na namba nyingi zaidi zitasuguliwa.

Twawaomba maafande wawe wa kwanza kutoa mfano. Afisa asitegemee nyota za mabegani kumvusha kizuizini akiwa ndani ya gari ambalo raia angekamatwa nalo. Mafundi wa Katwe na Kisekka wana ujuzi ambao nchi yetu yauhitaji. Kinachowaharibia jina ni injini chache zisizojulikana zilikotoka. Askari akikataa kuzinunua, na polisi akiheshimu zile za halali, fundi mwaminifu atapata riziki yake, na mwizi atakosa soko.