Nani Anabadilisha Matimba ya Wi-Fi?

Wadau, leo tuweke siasa kando tuongee kuhusu kitu ambacho hakijawahi kupata ukurasa wa mbele na sidhani kama kitapata: dreva. Simsemi dreva wa Hiace za Kahama kwenda Geita. Nasema ile programu ndogo inayoielekeza kompyuta jinsi ya kuzungumza na kadi yake ya Wi-Fi. Bila hiyo programu kadi ni kipande cha bati tu, hata kama laptop yenyewe umeinunua kwa mshahara wa miezi mitatu.

Hoja yangu ni fupi. Programu huria kama Linux ni bure kuichukua, lakini si bure kuitunza. Akikosekana wa kuitunza, watakaoumia wa kwanza ni sisi tunaoishi kwa vifaa vilivyokwishatumika na watu wengine.

Aliyewahi kukaa na wachimbaji wadogo wa Nyarugusu au Rwamgasa anayajua matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara. Dhahabu ikipatikana, anayesifiwa ni mwenye duara au yule aliyeuona mwamba. Matimba hayasifiwi na mtu. Lakini mti unaoza, mvua inalainisha udongo, na asipokuwepo wa kukagua na kubadilisha, siku moja duara linakatika watu wakiwa chini.

Linux nayo ina matimba yake. Linus Torvalds, aliyeianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, jina lake linajulikana. Sasa niambie, Jean Tourrilhes unamjua? Ndiye aliyetengeneza iwconfig, zana ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa njia ya kuiunganisha Linux na mtandao usio na waya. Johannes Berg je? Ndiye wa zana ya iw iliyochukua nafasi hiyo. Na Jouni Malinen wa Finland ndiye mwenye wpa_supplicant, programu inayoshughulikia lile neno la siri unaloandika kabla ya Wi-Fi kukukubali.

Najua kuna msomaji anasema, "Mimi situmii Linux, hayanihusu." Una simu ya Android? Basi Linux umeibeba mfukoni, maana ndiyo kiini cha Android. Na miaka yote simu hizo zimetumia wpa_supplicant kuingia kwenye Wi-Fi.

Mwezi Oktoba 2017 mtafiti wa Ubelgiji, Mathy Vanhoef, alitangaza kwamba amegundua tundu katika WPA2, ule ulinzi uliokuwa unatumika karibu kwenye kila Wi-Fi duniani. Tundu hilo liliitwa KRACK. Mtu aliye karibu na wewe angeweza kusoma mambo unayotuma, kama hayajafichwa kwa njia nyingine. Simu za Android na kompyuta za Linux ndizo zilizokuwa pabaya zaidi. Marekebisho ya wpa_supplicant yalitoka siku hiyo hiyo, na aliyekuwa na Linux inayotunzwa aliyapata ndani ya muda mfupi. Aliyekuwa na simu ya bei rahisi ambayo kiwanda chake hakijishughulishi na masasisho, alibaki na tundu lake mpaka simu ikafa.

Tundu hili lilizibwa miaka mingi iliyopita, ila jambo lenyewe halijaisha, kwa sababu matundu mapya hugunduliwa kila mara. Fikiria soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019. Mnunuzi anaangalia bei ya dunia kwa simu, analipa kwa simu, anaongea na tajiri wake kwa simu. Usalama wa yote hayo una sehemu iliyo mikononi mwa watu ambao hatutawaona maishani.

Sasa watu hao ni wachache, na wanachoka. Kwa miaka mingi dreva za Wi-Fi za Linux zilisimamiwa na Kalle Valo. Kazi yake ilikuwa kupokea marekebisho, kuyasoma, kuyakataa mabovu na kuyapitisha mazuri. Mwaka 2025 alijiondoa. Sikusikia redio yoyote ikitangaza, wala sishangai.

Dreva ikikosa mwenyewe hufutwa. Kati ya 2023 na 2024 dreva kadhaa za kadi za zamani, zikiwemo orinoco na hostap, ziliondolewa katika kiini cha Linux. Sababu ilikuwa ya maana: kadi zenyewe zimechakaa, hakuna anayezipima, na kila mabadiliko yanawalazimu mafundi kugusa programu ambayo hawana tena kifaa cha kuijaribia. Siwalaumu. Ila tujiulize, kadi za zamani huishia wapi? Kinachoitwa taka Ulaya, huku kinaitwa "used from UK" na kinauzwa dukani Shinyanga mjini!

Historia ya Broadcom inatufundisha jambo hapa. Kwa miaka kampuni hiyo haikutoa maelezo ya kadi zake kwa watu wa Linux, wakalazimika kuzichunguza wenyewe kipande kwa kipande mpaka wakaandika dreva. Kampuni ilikuja kutoa dreva huria mwaka 2010. Hata hivyo kadi nyingi bado zinahitaji programu ya kiwandani, na Debian iliikataa programu ya aina hiyo kwenye diski yake ya kusimika mpaka toleo la 12, mwaka 2023. Kabla ya hapo uliambiwa uipakue kutoka kwenye mtandao, yaani ukachote maji kwa ndoo iliyoko ndani ya kisima.

Kuna watakaosema hii ni kazi ya Wazungu wenye muda. Hapana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Uwezo tunao. Tatizo letu ni kudhani kazi imekwisha siku ya uzinduzi, wakati tafsiri ya 2004 haiwezi kuzijua menyu za leo.

Na utunzaji wa mali ya wote si mgeni kwetu. Wasukuma wana ngitili, eneo linaloachwa lifungwe ili majani yaote kwa ajili ya mifugo wakati wa kiangazi. Mradi wa HASHI ulipoanza Shinyanga mwaka 1986, ulifufua utaratibu huo huo wa wazee, ukaenea katika vijiji zaidi ya 800. Majani ya ngitili ya kijiji hayanunuliwi, lakini kuna sheria, kuna walinzi na kuna faini. Ukichunga tu bila kulinda, mwaka unaofuata unachunga vumbi.

Pendekezo langu ni hili: chuo kimoja, kadi moja. Kila chuo cha ufundi kanda hii kichague aina moja ya kadi ya Wi-Fi iliyozagaa mitaani kwetu. Wanafunzi waijaribu kwa kila toleo jipya la Linux, waandike namba ya kadi, kilichogoma na ujumbe uliotokea, kisha wawapelekee wasimamizi. Hilo halihitaji shahada ya uzamili, linahitaji uvumilivu na bando. Na fedha za CSR za migodi, ambazo halmashauri hukubaliana na kampuni namna ya kuzitumia, zikinunua kompyuta za shule basi zitenge fungu la fundi wa kuzitunza. Kukata utepe peke yake hakutoshi.

Msimamizi aliyeko mbali hana laptop ya miaka kumi na tano iliyojaa vumbi la Kahama. Sisi tunazo. Tusiposema kwamba bado tunazitumia, atadhani zimekufa, na dreva zake atazifuta kwa nia njema kabisa.

Wewe unaonaje? Chuo chako kingeanza na kadi gani?