Sehemu ya 14: Mpeleke mtoto magofuni, na mwache aulize



Wiki zilizopita tumezungumza chanjo, uji wa lishe na homa za usiku. Leo natoka kidogo nje ya wodi, ila mtaona bado niko kazini. Dada mmoja wa Lindi mjini ameniandikia: "Nesi, shule inataka mchango wa safari ya Kilwa Kisiwani. Hivi kuna haja kweli? Si mawe tu yale?" Yeye nilimjibu kwa kifupi. Leo nijibu kwa kirefu, maana najua wenye swali hilo mko wengi.

Jibu langu ni kwamba kuna haja, tena kubwa. Sizungumzii mtihani wala picha za kurusha kwenye grupu. Nasema hivi: mtoto anayezoea kuuliza maswali mbele ya yale magofu ndiye atakayekuwa mtu mzima anayeweza kuuliza kwenye mkutano wa kijiji, na anayeweza kuniuliza hata mimi nesi.

Tuanze na neno lenyewe. Ukisema makumbusho, wengi wetu tunawaza kituo cha daladala Dar. Kituo kile kimepata jina kwa sababu ya Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani, chenye nyumba za asili za makabila yetu. Watu wangapi wanapanda na kushuka pale kila siku na hawajawahi kuingia ndani? Tumeshajiambia kwamba ni mahali pa wazungu na wanafunzi. Kumbe ni mahali pa kukumbushana, kama jina linavyosema.

Mimi nalielewa jambo hili kupitia kadi ya kliniki. Mama akija na kadi ya mtoto, naona uzito wa kuzaliwa, chanjo alizopata, na mwezi ambao mstari ulianza kushuka. Akija bila kadi, tunabahatisha. "Alichanjwa surua?" "Nadhani." "Lini?" "Kabla ya mvua kubwa." Mtoto ni yuleyule, lakini mimi na mama yake tumebaki gizani.

Makumbusho na maeneo ya kale ni kadi ya jamii. Na kumbukeni: kadi anaandika nesi, lakini anakaa nayo mama. Ni yako. Una haki ya kuifungua na kuuliza, "Hapa umeandika nini?" Vivyo hivyo magofu. Wataalamu wanachimba, wanapima, wanaandika, lakini wenye kadi ni sisi.

Sasa tuisome kadi ya Kilwa kidogo.

Ukivuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko unafika kisiwa ambacho miaka 700 iliyopita kilikuwa moja ya miji mikubwa ya pwani hii. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 ukaja kupanuliwa baadaye, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina bwawa la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifia mji. Dhahabu ya Sofala, iliyoko Msumbiji ya leo, ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa hapa. Sarafu za shaba zilitengenezwa Kilwa zenye majina ya masultani, na moja imekutwa mpaka Great Zimbabwe. Mwaka 1505 Wareno wakauvamia mji. Mwaka 1981 UNESCO wakaandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Mtoto wa Kilwa anayesikia kila siku kwamba kusini ni nyuma, kusini hakuna kitu, akisimama ndani ya Msikiti Mkuu kitu fulani kinanyooka mgongoni kwake. Mimi nimewaona watoto wakitulia pale. Hilo peke yake linalipia nauli ya boti.

Lakini nisiishie kwenye sifa. Kadi ya kweli inaonyesha pia mstari uliposhuka. Mama hafuti mwezi ambao mtoto alikonda, kwa sababu mwezi huo ndio unaotuonyesha pa kuanzia.

Sultani huyohuyo aliyesifika kwa ukarimu alikuwa akifanya uvamizi bara na kurudi na ngawira. Karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirisha watumwa waliotembezwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Jamani, tuseme ukweli: kuna familia hapa pwani ambazo neno hilo halitajwi sebuleni. Kwa huyu babu aliuza, kwa yule bibi aliuzwa, na leo wajukuu wanakaa dawati moja. Tukinyamaza, watoto wanaokota habari hizo vijiweni kwa matusi na majina ya kudharauliana. Wakiambiwa na mtu mzima, mchana kweupe, mbele ya majengo yenyewe, wanapata nafasi ya kuuliza na kujibiwa kwa heshima.

Palepale Kivinje kuna mahali panaitwa Mwembe Kinyonga. Hassan bin Omari Makunganya alipinga utawala wa Wajerumani, wakamnyonga mwaka 1895. Na miaka kumi baadaye, mwaka 1905, huko Nandete kwenye milima ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba na vita ya Majimaji ikaanza. Kwa nini waling'oe pamba? Kwa sababu walilazimishwa kulima shamba ambalo hawakuulizwa kama wanalitaka, kwa malipo ambayo hawakuyapanga, wakati mashamba yao wenyewe yanaota majani.

Hapo mtoto wa darasa la tano anaielewa demokrasia bila kamusi. Ni kuulizwa kabla ya kuamuliwa. Ukimuuliza, "Wewe ungekuwa Nandete ungefanyaje?" ataongea mpaka ukamkatize.

Upande wa Lindi kuna Tendaguru. Watoto wetu wengi wanaijua mijusi mikubwa ya kale kupitia katuni tu. Kati ya 1909 na 1913, miaka miwili tu baada ya Majimaji kuisha, Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria. Waliochimba hasa ni watu wetu, mamia yao. Mifupa ikafungwa ikabebwa kichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Ni zaidi ya tani 200. Leo mmoja wa wanyama hao amesimama Berlin kwenye Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, ameonyeshwa pale tangu 1937.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja aliipa aina nyingine ya dinosaria wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ni karibu miaka mia moja baada ya kazi. Niambieni ukweli: nani kati yenu aliwahi kulisikia jina la Boheti shuleni?

Hii ndiyo kadi ya mtoto wako iliyobaki nyumba ya jirani. Mtoto wa Berlin anapelekwa na mwalimu wake kutazama kilichotoka Lindi, wa Lindi hajui kama kilikuwepo. Kuna wanaosema mifupa irudi, na wanaosema tukipewa tutaitunzia wapi. Mimi sina shida na mjadala huo, nautaka uendelee hata bungeni. Ninachosema ni kwamba mtu hawezi kudai kadi asiyojua kama ipo. Kwanza watoto wajue. Wakishajua, watadai wenyewe, na watajua cha kudai: mifupa, au nakala yake, au faida yake, au jumba la kuitunzia hapahapa Lindi.

Nazijua hoja zenu, nizijibu.

"Nesi, hatuna hela." Ni kweli, msimu wa korosho ukiwa mbaya hata daftari ni shida. Ila magofu si lazima uvuke bahari kila mara. Aliye Kivinje ana majengo ya zamani mlangoni kwake na haingii gharama kutembea na mwanawe jioni. Anayevuka aulize kiingilio na nauli mapema, na akumbuke raia hatozwi sawa na mgeni.

"Habari za utumwa zitamtisha mtoto." Zitamtisha akiachwa nazo peke yake. Mwambie kwa kiasi cha umri wake, kama tunavyomwambia kuhusu sindano. Usimwambie haiumi halafu ikaume. Atakoma kukuamini.

"Historia inachochea ugomvi." Nimefanya kazi wodini miaka ya kutosha. Ugomvi mwingi niliouona kati ya ndugu unatokana na yaliyofichwa. Yaliyosemwa mapema yanawasumbua wachache.

Sasa kwa nini haya yanamhusu nesi? Kwa sababu kila siku naona kina mama wasiouliza. Mama anapewa dawa tatu, anaitikia "haya," anaondoka, na mlangoni anamuuliza mlinzi hii ni ya nini. Wako wauguzi, nawajua, wanaomkaripia mama anayeuliza. Mama huyo alifundishwa tangu mdogo kwamba mkubwa akisema unanyamaza. Mtoto wake naye yuko mgongoni anajifunza somo hilohilo.

Zahanati ina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Kijiji kina mkutano mkuu, na kwa sheria kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Hivi wangapi wanajua? Na wanaojua, wangapi wanasimama kuuliza mapato na matumizi? Ujasiri wa kusimama hauji siku unayotimiza miaka 18. Unalelewa, kama unavyolea meno.

Na mkidhani kuuliza na kushiriki hakuleti kitu, itazameni Kilwa Kisiwani. Mwaka 2004 magofu yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kuta zinaanguka, bahari inakula ufukwe. Ikafanyika kazi ya ukarabati, wanakijiji wa kisiwani wakiwemo ndani, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Wale ni watu wa kawaida, wavuvi na wakulima. Walipewa nafasi ya kuitunza kadi yao, wakaitunza.

Kwa hiyo, mkienda, fanyeni hivi:

1. Msiende mchana wa jua kali. Kofia, maji ya kunywa ya kutosha, na kwenye boti kila mtoto avae boya lake, nalisema kama nesi. Wasipande juu ya kuta: zinabomoka, na wao wanaanguka.

2. Mchukueni kiongozi wa palepale kisiwani. Ana ya vitabuni na ya bibi yake.

3. Mpe mtoto maswali matatu ya kutafuta: Nani alijenga? Nani aliumia? Sasa hivi nani anaamua pahali hapa patunzwe vipi? Akikosa jibu, msimtungie. Mwambieni tutamuuliza nani.

4. Mkirudi, mwacheni yeye asimulie wakati wa kula, na watu wazima wasikilize mpaka mwisho. Hata kaka yake akicheka.

Na ombi langu kwa wakubwa wanaosoma hapa, madiwani na walimu. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho. Halmashauri za Kilwa na Lindi zingeweza kuifanya siku ya watoto wa wilaya kuingia bure, na boti zikachangiwa. Mbao za maelezo ziwe kwa Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la tatu anakisoma bila mwalimu. Na jina la Boheti bin Amrani liandikwe mahali fulani mjini Lindi ambapo watoto hupita wakienda shule. Mimi nitalipeleka hili kwenye mkutano wa mtaa wangu. Na wewe lipeleke kwenye wako, usisubiri mtu wa Dodoma akuletee.

Dada wa Lindi mjini, toa mchango, mtoto aende. Na akirudi akikuuliza jambo usilolijua, usimwambie "nyamaza." Mwambie, "Hilo swali zuri, twende tukaulize."

Andikeni hapo chini: kwenu kuna mahali gani pa kale ambapo watoto wanapita kila siku bila kujua? Jumapili tunarudi kwenye kuharisha na maji ya chumvi na sukari, msikose.

Nesi wenu.